Bwana wa Kwenye Takia

Picha ile niliinunua Jordbro, huku Uswidi, kwenye duka la mitumba, kwa kuwa ilitosha kuziba tundu aliloliacha mpangaji wa kabla yangu ukutani, juu ya kochi. Nyuma imeandikwa kwamba huyo ni bwana mkubwa wa Kirajput, wa India, akiwa mapumzikoni. Ameegemea takia, kilemba kichwani, masharubu yamepinda kwenda juu. Mkono mmoja umeshika waridi, mwingine mrija wa kiko cha maji. Jambia lipo kiunoni, lakini ukimtazama unajua leo halichomolewi.

Mama yangu anaishi Tanga kwa dada yangu, na kumbukumbu zinamtoka. Nikimpigia kwa video ananisalimu kwa adabu zote, "Hujambo, bwana," kama mgeni aliyebisha hodi. Siku ya kwanza alipomwona yule wa ukutani, uso ulimchangamka.

"Kumbe yupo! Amekula?"

Nikadhani anamfananisha na marehemu baba. Lakini baba hakuwa na masharubu, wala sijawahi kumwona ameegemea kitu mchana. Alipakia marobota ya katani bandarini, na chakula alikila wima. Nikamuuliza dada.

"Hamtaji jina," akasema. "Anasema 'yeye' tu. Labda ni mtu wa kabla yetu. Tusichimbe."

Tusichimbe! Mimi niliyebebwa mgongoni naitwa bwana, na picha ya mitumba inaulizwa kama imekula. Nilimwonea wivu mtu wa rangi na karatasi, ndivyo ilivyokuwa. Binti yangu akaniambia kwa Kiswidi, kama kawaida yake, niishushe basi. Nikaishika fremu, nikaiacha. Nikiishusha, mama atafurahi kumwona nani?

Kila nikipiga nilijitambulisha upya: mimi mwanao, yule aliyeungua mguu kwa uji. "Ahaa, pole sana," ananijibu, huku anachungulia nyuma ya bega langu.

Jumapili moja nilirudi nyumbani Rågsved kutoka kazini nimechoka hoi. Nikajitupa kwenye kochi chini ya picha, viatu miguuni, nikaegemea mto, nikapiga. Mama akatazama kwa muda mrefu. Dada akaanza kunisalimu kwa ile sauti yake kubwa.

"Shii!" mama akamkatiza. "Kapumzika. Usimwamshe."

"Mama, niko macho," nikasema.

Akaweka kidole mdomoni, vilevile alivyokuwa akitunyamazisha utotoni nyumbani kukiwa na mtoto mchanga. Kisha akamnyang'anya dada simu, na kioo kikawa cheusi.

Sijui alikuwa akimwonea huruma nani, mimi au yule bwana mwenye waridi. Nilibaki palepale nimeegemea mto, macho wazi, naogopa kuinuka.