Magongo Mikononi mwa Mtani

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumamosi, pembe ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, ililia, nami nikamwambia mke wangu kwamba leo tutakwenda wote wawili. Alikuwa ameshashika jembe. Alitazama manyunyu mlangoni, akasema njia ya kushukia shuleni ina utelezi. Nikamjibu kwamba naijua.

Kusema kweli sikuijua tena. Tangu gogo liliponiangukia kwenye kiwanda cha mbao na mguu wangu wa kulia ukakatwa juu ya goti, nilikuwa sijatoka kufanya kazi ya kijiji kwa zaidi ya miaka miwili. Enzi hizo za Ujamaa kila kijiji kilijijengea kwa nguvu zake, na sisi wa milimani juu ya Gare tulikuwa tunajenga darasa la tatu la shule. Mke wangu alikwenda kwa niaba ya nyumba yetu. Mimi kamati iliniletea barua za kunakili, kwa kuwa nilijifundisha mwenyewe mwandiko mzuri, na kwa barua hizo nikajihesabu kuwa bado nimo.

Penye utelezi nilikaa chini nikateremka kwa makalio, magongo nimeyakumbatia kifuani. Vijana waliokuwa nyuma yetu walisimama kusubiri. Hawakucheka. Walitazama mahindi ya jirani kana kwamba hawajapata kuona mahindi. Nilifika suruali imejaa udongo nyuma, kama mtoto aliyetoka kuserereka mtelemkoni.

"Karibu, mzee," alisema balozi wetu wa nyumba kumi, mtu niliyetahiriwa naye mwaka mmoja. Nilikuwa na miaka thelathini na sita. "Usijisumbue, mzee. Kaa hapa."

Aliniweka pamoja na vikongwe waliokuwa wakiponda kokoto. Nililaza magongo pembeni, nikapewa nyundo. Wengine walipanga mstari kutoka mtoni hadi juu, wakipokezana mawe mkono kwa mkono, wakiimba na kutupiana maneno. Mke wangu alikuwa katikati ya mstari. Nilisikia akicheka, na nikatambua kwamba sikumbuki ni lini alicheka hivyo nyumbani.

Kwetu palikuwa na desturi moja ya msaragambo. Mtu akiweka chombo chini, mtani wake ana haki ya kukichukua, na mwenyewe hukikomboa kwa sumni, nusu shilingi, ambayo hutumika kununulia sukari ya uji wa wote. Ukoo wangu una mtani pale kijijini, mfupi, mwenye sauti ya kondoo. Kabla ya ajali tulikuwa hatupishani njiani bila kutukanana. Baada ya ajali alinijia mara moja tu, akasema pole, na matusi yakaishia hapo.

Asubuhi ile alipita akiwa na majembe mawili begani na kofia ya mtu. Alisimama mbele yangu. Akainama, akachukua magongo yangu yote mawili.

"Haya yana mwenyewe?"

Nyundo zikanyamaza.

"Rudisha," nikasema.

"Sumni kila gongo, mtani. Wenzako wana miguu miwili, wanalipia jembe moja. Wewe una mitatu, na miwili umeitupa chini!"

Hakuna aliyecheka. Wote walinitazama mimi, na macho yale ndiyo yaliyoniwasha kuliko maneno. Nilijitupa mbele nimnyang'anye. Nikaangukia kifua kwenye kokoto. Nikiwa pale chini nikapiga kelele kwamba mimi ni kilema, si wa kuchezewa, na kwamba nitampeleka kwa katibu wa tawi la chama.

Neno hilo, kilema, lilikuwa halijawahi kunitoka kinywani. Nilikuwa nimemkataza mke wangu kulitamka. Sasa nililitumia kama kinga, mbele ya kijiji kizima.

Bibi mmoja kando yangu alisema polepole, "Mwanangu, mtani hashtakiwi."

Nilimwona mtani wangu uso ukimlegea. Aliyanyoosha magongo kunirudishia bure, na hapo nikaelewa kwamba nikiyapokea hivyo nitakuwa mzee wa kupewa pole hadi kufa.

Mke wangu alikuwa ametoka kwenye mstari. Hakuninyanyua.

"Lipa, baba watoto. Mwezi jana alichukua jembe langu, nikalipa. Kwani wewe nani?"

Sikuwa najua kwamba aliwahi kulipa. Sikuwa nimeuliza lolote kuhusu siku zile.

Mfukoni nilikuwa na fedha. Nilikuwa nimeificha asubuhi ili, nikishindwa kazi, nimpe balozi faini ya kuondoka mapema, bila maneno mengi.

"Bei gani?" nikauliza.

Mtani aliyavuta magongo nyuma haraka. "Sumni mbili za magongo. Na kunitishia katibu, shilingi nzima. Hapo nimekuonea huruma, kwa sababu umelalia kokoto za serikali!"

Mtu mmoja mstarini alicheka, kisha wengine. Nililipa nikiwa bado chini, uso unaniwaka, siwezi kumtazama yeyote. Halafu nikaketi nikaponda mawe hadi saa nane, kwa kuwa sikuwa tena na cha kulipia kuondoka. Jumla iliyonitoka ni shilingi mbili.