Kiungo Nyuma ya Boksi la Betri

Wifi yangu si mtu wa kupiga kelele. Nimewahi kuona springi ikimchana mkono mpaka nyama ikafunguka, naye akasema "Ah," akafunga kitambaa, akaendelea kukaza boliti. Kwa hiyo asubuhi ile nilipomsikia akipiga yowe chini ya lori, niliacha kopo la grisi likidondoka nikatoka stoo mbio. Nilijua lori limemwangukia.

Halikuwa limemwangukia. Heri ningemkuta ameumia mguu.

Nimweleze kwanza, maana wengine humwona barabarani wakadhani ni dume. Wifi yangu ni mjane wa kaka yangu mkubwa, ana miaka arobaini na minne, watoto wawili, na lori la jeshi la magurudumu sita ambalo ni kubwa kwake kwa umri. Jeshi liliyapiga mnada malori yake yaliyochoka, na kaka akarudi nyumbani na matatu kwa mpigo. Moja lilikuwa limeungua kabini, la pili halina injini, la tatu limepinda kama mtu mwenye kibiongo. Mama yetu alipoyaona uani akauliza kama vita vimehamia kwetu. Kaka akacheka tu. Mwaka mmoja na nusu baadaye, katika mizoga ile mitatu alikuwa ametoa malori mawili yanayotembea, marefu kupita lori lolote la jeshi tulilowahi kuliona, yenye bodi za kubebea mawe na kokoto. Watu wakiuliza mbona marefu hivi, alijibu kwamba yalizaliwa hivyo, jeshi lina ya aina mbili. Nani angembishia? Kaka alikuwa fundi wa kupima mara tano kabla ya kukata mara moja. Lori moja akaliandika jina la mkewe, lingine akampa mdogo wetu wa mwisho.

Kisha homa ikamchukua kwa wiki mbili, akatuacha.

Ndugu walitaka lori la mjane liuzwe. Mimi mwenyewe, nisijifanye malaika, nilikuwa miongoni mwao. Wifi yangu alitusikiliza mpaka tukamaliza, akatupa chai, akaenda kujifunza kuendesha. Kuendesha kukamfundisha kutengeneza, kwa sababu gari la jeshi halina adabu, huharibikia pale pasipo na fundi. Aling'oa ule usukani mgumu uliotaka mabega ya wanaume wawili, akafunga wa basi lililokufa. Akatoa taa za vita, zile zenye kofia za chuma ili ndege za adui zisizione. Kofia hizo leo ninawekea nati na washa stoo kwangu, maana mimi ndiye mtunza spea. Breki, klachi, kiti, bomba la moshi, kila kitu amekifungua na kukirudishia kwa mkono wake. Alibakiza sehemu moja tu. Kaka alipokuwa hoi kitandani alimwambia, "Boksi la betri usiliguse. Nyaya zake nimezipanga kwa shida." Lori la jeshi lina betri mbili na nyaya nyingi kama utumbo, kwa hiyo tuliona ni usia wenye akili. Miaka sita alibadilisha betri tu, boksi lenyewe hakuligusa.

Asubuhi ile alitaka kuhamishia betri nyuma ya kabini apate nafasi ya tangi la pili la mafuta. Alimwita Cheche, fundi wa kuchomelea, ambaye kaka ndiye aliyemfundisha kazi. Wakakata boksi. Nyuma ya boksi pakaonekana chesisi, yaani vile vyuma viwili virefu vinavyobeba injini, kabini na mzigo wote. Juu ya chesisi palikuwa na rangi nene kuliko kwingine. Wifi yangu akapitisha brashi ya waya, rangi ikabanduka vipande vipande, na hapo ndipo alipopiga yowe.

Nilijilaza kifudifudi nikachungulia. Chuma kilikuwa kimekatwa na kuungwa; urefu ule lori halikuzaliwa nao. Mshono ulishuka wima kutoka juu hadi chini, umenyooka kama umepigwa rula, na katikati yake palikuwa na ufa. Wifi yangu aliingiza ukucha wa kidole gumba kwenye ufa ule. Ukazama wote.

"Labda jeshi ndilo liliunga," nilisema. Nilijisikia nikisema, na nilijua ninapiga porojo.

Cheche alikuwa amechuchumaa, miwani yake ya kuchomelea ameipandisha kwenye paji la uso. Macho yalikuwa yamemtoka pima. "Dada, hapana," alisema taratibu. "Mshono huu ni wa mwalimu. Tazama, kila nusu inchi anarudi nyuma kidogo. Hakuna mwingine anayechomelea hivi. Mimi mwenyewe nimemwiga nikashindwa."

"Lakini si yeye aliyekufundisha..." nilianza.

"Chesisi haikatwi wima. Inakatwa mshazari, inavalishwa bamba ndani na nje. Alinizaba kibao kwa kosa hili hili, mbele ya wateja."

Akaenda upande wa pili, akalegeza tangi la mafuta, akakwangua. Kulikuwa na mshono kama ule ule. Lori zima lilikuwa limeshikwa na mistari miwili ya moto, na mmoja ulikuwa umeanza kuachia.

Sijui nieleze vipi. Ni kama mtu akuambie kwamba nyumba uliyolala miaka yote haina ukuta wa nyuma. Wiki iliyotangulia wifi yangu alikuwa ameshuka mteremko wa machimbo na tani kumi za mawe, na watoto wake wawili kabini, kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa. Nilimwona akikumbuka jambo hilo. Midomo yake ilikuwa ikihesabu kitu bila sauti.

Halafu akanigeukia. "Nusu," alisema. "Lori la Nusu."

Nusu ndiye mdogo wetu wa mwisho. Jina hilo tulimpa sisi wenyewe, na wifi yangu ndiye aliyelianzisha, kwa sababu kijana huyo katika maisha yake ya udereva hajawahi kujaza bodi. Wenzake wakibeba tani kumi, yeye tano. Tukamwita mwoga, tukamwambia aolewe kama mwanamke apumzike. Naye hucheka na kuwasha gari. Lori lake na la wifi yangu ni mapacha, yametoka uani humo humo, mikononi mwa mtu yule yule, na saa ile lilikuwa njiani likishuka na mawe.

Nilipiga simu. Ikaita mpaka ikakata. Nusu hapokei simu akiwa kwenye usukani, na tumewahi kumsifu kwa hilo. Nikapiga tena, tena. Wifi yangu hakungoja. Aliichukua pikipiki ya Cheche bila kuomba, nami nikarukia nyuma na kanga yangu yenye grisi, na mtu wa miaka yangu asiulizwe alifikaje pale. Njia nzima nilikuwa nikisema neno moja tu, "Mungu wangu, Mungu wangu," mpaka wifi akanifokea, "Wifi, nyamaza, nashindwa kusikia gari la Nusu!"

Tulilikuta katikati ya mteremko. Limesimama pembeni, jiwe limewekwa mbele ya gurudumu, na chini yake miguu miwili imetokeza, vidole vikitazama juu. Haikutikisika. Nilisikia mtu akilia, nikaja kugundua ni mimi.

Miguu ikajivuta. Nusu akatoka chini ya lori na tochi mkononi, uso umejaa vumbi. "Kuna msiba?" akauliza. "Nani amekufa?"

"Shemeji, usipande tena hilo gari," wifi yangu alisema. Alikuwa akihema. "Chesisi imeungwa. Imeungwa wima, nyuma ya boksi la betri."

Nusu alizima tochi. "Najua," alisema.

Wifi yangu akainama kuchungulia chini ya lori.

"Najua, shemeji. Ndiyo nilikuwa naikagua. Kila safari lazima nisimame hapa nikague. Nimeifunga bamba mwenyewe na boliti kumi na mbili, lakini kubeba sibebi zaidi ya tano. Kaka aliniambia kabla hajanipa."

"Alikuambia?" nilidakia. "Alikuambia nini?"

Alisita, kama mtu anayetoa siri ambayo haikuwa yake. "Alisema chuma kizuri kilitosha lori moja tu. La pili alilazimika kuliunga haraka, wateja walikuwa wanamsubiri. Akaniuliza, tufanyeje? Nikamwambia zima mpe mkeo. Yeye ana watoto, mimi sina hata paka. Akaniapisha nisiseme, asije shemeji akakataa kulichukua."

Mimi ndiye niliyesema, na sikujua jinsi ya kusema kwa upole. "Lililoonekana leo si lako, mdogo wangu. Ni la wifi. Limeungwa vile vile. Na limepasuka."

"Hapana."

"Nimeona kwa macho yangu."

"Hapana, dada. La shemeji ni zima. Kaka aliniapia."

Akatutazama mmoja mmoja, kisha akapanda pikipiki bila kuambiwa, nasi tukabanana watatu kurudi uani. Mimi niliyekuwa katikati nilisikia moyo wa Nusu ukipiga mgongoni kwangu.

Wanasema marehemu hasemwi vibaya. Mimi nasema. Kaka yangu alimdanganya mkewe na akamdanganya mdogo wake, na ule wema wa mdogo wake akaupokea kwa mikono miwili huku akijua hakuna lori lililo zima. Labda alikusudia kulirekebisha lile la mkewe baadaye, baada ya msimu, baada ya mteja huyu na yule. Labda. Nimemlilia miaka sita, na siku ile ningemkuta hai ningemrudishia kile kibao alichompiga Cheche.

Nusu alilala chini ya lori la wifi yangu kwa muda mrefu. Tulisikia ukucha wake ukikwaruza chuma. Alipotoka hakusimama, alikaa pale pale chini, ameegemea gurudumu.

"Ulikuwa unabeba ngapi?" aliuliza.

"Kumi," wifi yangu alisema. "Kumi na mbili mara nyingine."

"Na watoto?"

"Na watoto."

Alitikisa kichwa. Nilidhani atalia au atatukana, na vyote viwili vilikuwa haki yake. Miaka sita amekula nusu mkate, amechekwa na madereva, amechekwa na sisi.

"Pale mlimani, shemeji, ulikuwa ukinipita umejaza hadi juu, unanipigia honi," alisema. "Na mimi nilikuwa nafurahi. Nasema, angalau yule yuko salama."

Wifi yangu akaketi kando yake kwenye oili iliyomwagika, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akalia kwa sauti hadi majirani wakatoka nje kutazama.