Kipande cha Sare

Zamani, tulipokuwa wachache hapa Sydney, msiba ukitokea wanawake wa kanisani walinituma Parramatta kununua vitenge vya sare. Muuzaji akiniona mlangoni alianza kulalamika kabla sijafungua mdomo. Nilipatana bei, nikahesabu vipande mara mbili, nikabeba mzigo hadi kwenye treni.

Kununua niliruhusiwa. Kuvaa, hapana. Mimi ni mwanamke, ila nilipozaliwa niliandikwa mvulana, na wenzangu walikuwa na kumbukumbu nzuri mno.

Akafa mama mmoja wa Seven Hills, mtu pekee aliyeniita dada mbele ya watu. Safari hii nikataka sare. Nikaweka vitenge mezani kwa mama mwenyekiti wa wanawake wale. "Mama, kimoja changu."

"Kaka, wewe utakaa na wanaume. Suti si unayo?"

"Ninayo. Naitunzia msiba wako."

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka.

Basi nikaanza kupatana. Nikaacha gauni, nikaomba kilemba. Akatikisa kichwa. Nikaacha kilemba, nikaomba mtandio tu. Akawatazama wenzake. Mwishowe akakata ukingo wa kitenge, upana wa vidole vitatu.

"Funga mkononi. Ndani ya shati."

Nikapokea. Sijawahi kukubali bei mbaya kama ile, na aliyeiteremsha ni mimi mwenyewe.

Makaburini wanawake walijipanga kwa kitenge nilichokichagua mimi, cha bluu chenye ndege wa manjano. Mimi nilikuwa upande wa pili wa kaburi, kwa wanaume, ndani ya suti. Walipoanza wimbo nikaitikia kwa sauti yao, ya wanawake. Mwanamume wa pembeni yangu akasogea mbali kidogo. Aliyezoea kuniita dada alikuwa ndani ya jeneza.

Msiba uliofuata wakanituma tena. Nikaenda. Muuzaji, amechoka na mdomo wangu, akanitupia kipande cha nyongeza ili niondoke. Nilipohesabu mara ya pili bado kilikuwa kimezidi. Nikakishona gauni. Sijalivaa mpaka leo.

Sasa niko Penrith, na kuna mama Mrundi anayekuja kuniogesha. Juzi nilimfungulia kabati.

"Nikifa, nivike hili. Wakileta suti, waambie imeliwa na nondo."

Alilishika gauni, akalikunjua, akalipima mabegani mwangu.

"Sawa, dada."

"Sema tena," nikamwambia.