Fainali ya Nne na Maziko ya Mama Mkubwa

Ndugu yangu alikuwa hawezi kuingia mlango wa kwao bila ya kuinama, na watu wa barza letu la Mlandege walimchukia kwa urefu ule. Wenyewe watasema ulikuwa utani. Mimi nimekaa ndani ya utani ule, najua ulikuwa na meno.

Mamake na mamangu walikuwa wa tumbo moja. Mama mkubwa aliolewa Kikwajuni, mamangu akaolewa Mlandege, na sisi watoto tukakua tukila nyumba zote mbili. Mwanzoni mwa miaka ya sabini kila mtaa katika hiyo miwili ulikuwa na timu ya mpira wa kikapu, na kila mwaka, timu nyengine zote zikishatolewa, zilibaki zile zile mbili kucheza fainali. Mwaka wa kwanza tulishinda sisi. Baada ya hapo ndugu yangu akakomaa, na Kikwajuni wakachukua kombe mara mbili mfululizo. Alikuwa fundi seremala, mpole, hasemi sana. Lakini mpira ukirushwa juu, mikono yake ndiyo iliyofika mwanzo, na watu wa pande zote mbili walijua hivyo kabla refa hajapuliza filimbi.

Barzani kwetu hapakuwa na habari nyengine.

"Yule si mchezaji," alikuwa akisema muuza vitambaa, mkubwa wa barza. "Yule mnazi. Panda mnazi chini ya kikapu, nao utatia."

"Mnazi gani unaokimbia, yakhe?" alimjibu siku moja dereva wa gari la shamba, mtu wa Kikwajuni aliyekuwa akija makusudi kutuchokoza. "Mara mbili kakuangushieni nazi za utosi, na bado hamjamjua?"

"Mara ya mwanzo tulimfunga!"

"Mara ya mwanzo alikuwa na homa."

"Kila akifungwa ana homa! Basi mpelekeni hospitali, msimlete kiwanjani!"

Kahawa ikapoa vikombeni, mtu mzima akasimama kuonyesha kwa mikono jinsi mpira ulivyogonga ubao mwaka juzi, na mwengine akaapa kwamba refa alikula biriani Kikwajuni siku moja kabla ya mechi.

Kubishana kwao nilikuelewa. Baada ya Mapinduzi yalikuwapo mambo mengi ambayo mtu hayasemi barzani, maana hajui nani kakaa pembeni yake. Foleni ya mchele haisemwi. Nani kaondoka kisiwani, haisemwi. Kikapu kilisemwa, tena kwa sauti. Kwa hivyo watu walimimina humo kila kilichowajaa kifuani, mpaka ikawa wale vijana kumi wanaokimbizana juu ya saruji wamebebeshwa hasira ya mji mzima.

Mama mkubwa hakuwahi kwenda kutazama hata mechi moja. Alikuwa akikaa ukumbini kwake anashona kofia, na kila jirani aliyempigia hodi alimsikia akisema neno moja, kwa kucheka na kwa kweli: "Mie nimezaa mmoja tu. Siku nikifa, huyo huyo ndiye wa kunitia kaburini." Kikwajuni nzima ilijua. Naliandika hapa kwa sababu baadaye walijifanya hawakujua.

Kikwajuni walikuwa na desturi yao. Wiki ya fainali wachezaji wote hupelekwa kambini Fumba, kwenye nyumba ya shamba karibu na pwani, na hawatoki mpaka siku ya mechi. Chakula cha nje hakiingii. Mgeni haingii. Hata maji ya kunywa yalifungiwa, kwa kuogopa kwamba sisi Mlandege tutatia dawa. Na msiseme waliogopa bure. Mwaka wa fainali ya tatu barza letu lilimtuma mtu Fumba kumwambia ndugu yangu kwamba mamake kaanguka, kachukuliwa hospitali. Alikimbia pekupeku mpaka njia kuu, akadandia gari la mbata, akafika kwao anatweta na kumkuta mamake anapepeta mchele. Barza letu lilicheka miezi. Mimi nilipopata habari niliwatukana, wakaniambia sijui utani. Mama mkubwa mwenyewe alilia siku ile, na watu wanaoujua utani hawakumwona.

Sasa fainali ya nne.

Mama mkubwa alifariki alfajiri ya siku yenyewe ya mechi. Alisali, akajinyoosha kidogo, akawa hakuamka. Nilipofika Kikwajuni wanawake walikuwa wameshajaa ndani, na nje wanaume wamekaa juu ya mikeka. Wazee wa timu nao walikuwapo, wamekaa pamoja upande mmoja, wananong'ona. Nikawapa mkono wa pole, nikauliza nani kaenda Fumba kumchukua.

"Tunalishughulikia," alisema mmoja wao, mtu mwenye pikipiki iliyojulikana mji mzima kwa tangi lake jekundu.

Nikangoja. Kikombe cha chai kikapita, cha pili kikapita. Yule mtu akawasha pikipiki yake akaondoka, moyo wangu ukatulia kidogo. Kisha nikamsikia mzee mwengine akimwambia mwenzake kwa sauti ya chini, wala si chini ya kutosha: "Atajua baada ya mechi. Kwani akijua sasa atamfufua?"

Niliazima baskeli kwa jirani, nikaenda Fumba mwenyewe.

Ile njia siisahau kwa jua lake na kwa vumbi, na kwa matusi niliyokuwa nikiyasema peke yangu. Nilipofika kambini nikaiona pikipiki yenye tangi jekundu imeegeshwa nyuma ya nyumba. Mwenyewe hakuonekana. Kwa hivyo wakubwa wa kambi walikuwa wameshaipata habari. Wachezaji walikuwa kivulini wanakunywa uji, na ndugu yangu alikuwa kati yao, miguu yake mirefu imetoka nje ya mkeka. Wao hawajaambiwa kitu.

Msimamizi wa kambi akaja mbio kunizuia.

"We wa Mlandege, rudi hapo hapo!"

Nikapaza sauti nikampita kwa maneno. "Ndugu yangu, inuka twende. Mama katutoka. Amefariki alfajiri."

Wachezaji walipasuka kwa kicheko. Naapa walicheka, na mwaka wa nyuma yake, tulipowafanyia ule utani, wao ndio walioudhika kuliko wote.

"Mwaka jana kaanguka, mwaka huu wamemuua kabisa!" alisema mmoja. "Mwakani sijui mtamfanya nini, yakhe!"

Ndugu yangu hakucheka. Aliinuka, akanitazama usoni. "Hata wewe?" akaniuliza. "Hata wewe wamekutuma?"

"Wallahi sikutumwa na mtu. Wanamwosha sasa hivi. Mwite mwenye ile pikipiki aape mbele yako, katoka huko huko msibani."

"Kaenda pwani kununua samaki," akasema msimamizi. Kisha akaweka mkono kifuani, akamgeukia ndugu yangu, akasema kwa upole kama mtu anayemwombea dua: "Sikiliza, mwanangu. Wallahi nimepita kwa mamako jana jioni, nimemkuta mzima anashona, na kakuombea dua. Mungu shahidi yangu."

Jana jioni. Kiapo kilikuwa cha kweli kabisa. Mtu yule alipima kila neno kabla ya kulitoa, ili aseme uongo bila ya kula yamini ya uongo. Nimekutana na wezi katika safari zangu, nimekaa na walevi na wauza magendo, sijamwona aliyenichukiza kama yeye.

Nikamwambia, "Apa kwa leo! Sema leo asubuhi yu hai!" Lakini walikuwa wameshanishika mabega. Ndugu yangu akasema taratibu, "Rudi nyumbani. Mechi ikimalizika nitakuja kwako, na ole wako." Nikarushwa nje ya ua na baskeli yangu ikarushwa nyuma yangu.

Ningekaa pale nikapigana, mama mkubwa angezikwa bila ya mwanamme hata mmoja wa damu yake. Nikapanda baskeli nikarudi.

Mjini nilimkuta ameshakafiniwa. Nikawaomba wazee wangoje mpaka alasiri, timu iletwe mjini na mwanawe afike. Nikamwomba na imamu, na imamu alikuwa tayari kungoja. Wazee wa timu ndio waliomjia kwa maneno ya dini.

"Maiti haiwekwi, sheikh. Kuharakisha ndiyo sunna."

"Mwanawe yuko wapi?" akauliza imamu.

"Shamba. Tumempelekea mtu, hajapatikana." Nikasema yuko Fumba, nimemwona kwa macho yangu, wakamwambia imamu asisikilize maneno ya Mlandege siku ya fainali.

Wakati huo yule mwenye pikipiki alikuwa amesharudi, amesimama nao, macho makavu. Tukamsalia baada ya adhuhuri. Jeneza liligombewa kwa mabega, kila mtu anataka thawabu, na kanzu zilipopeperuka niliona chini yake suruali za kwendea kiwanjani. Kaburini niliingia mimi. Nikasema nahitaji mtu wa pili wa kupokea, na kabla sijamchagua ami mmoja jirani, yule wa pikipiki akawa ameshakunja kanzu na kuteremka. Nilimpokea mama mkubwa pamoja na mtu aliyemficha mwanawe. Kaburi si mahali pa kugombana.

Maziko yakamalizika, na watu hawakutawanyika kwenda majumbani. Walikwenda kiwanjani, wengine kwa mbio ili wapate pa kukaa.

Nami nikaenda, na udongo wangu wote. Watu wa barza letu walikuwa wameshasikia. Muuza vitambaa alinivuta mkono, macho yanamng'ara.

"Pole sana, mwanangu. Mungu amrehemu. Sasa mwambie! Piga ukelele sasa hivi, kabla hawajaanza. Akijua, miguu itamwisha!"

"Mama yangu mkubwa ndiye aliyekufa," nikamwambia.

"Ndiyo nakwambia! Ni haki yake kujua!"

Haki yake. Asubuhi hakuna hata mmoja wao aliyeniazima baskeli. Nilimsukuma kifua, mzee wa umri wa babangu, akaanguka juu ya wenzake. Nikaenda kukaa peke yangu upande ambao hauna mtu, karibu na mstari.

Kipindi cha kwanza ndugu yangu alicheza kama nilivyomjua. Alidaka kila mpira uliogonga ubao. Kikwajuni waliimba jina lake, watu wale wale waliokuwa wakimsomea mamake talkini kaburini saa chache nyuma. Sikupiga ukelele. Ningepiga, ningekuwa mtumwa wa muuza vitambaa. Nisipopiga, nilikuwa mtumwa wa wazee wa Kikwajuni. Walikuwa wameshanifungia njia zote mbili.

Mapumziko yalipofika alikuja mwenyewe upande wangu, kwa hasira, anitie adabu kama alivyoahidi. Akasimama mbele yangu. Akaona kanzu yangu ina udongo mwekundu mpaka kiunoni, na kucha zangu. Hakuna mtu anayejipaka udongo namna ile kwa utani.

"Umemzika," akasema.

"Baada ya adhuhuri."

Hakurudi kuvaa hata viatu vyengine. Alitembea moja kwa moja kuelekea mlango wa kutokea. Msimamizi akamkimbilia, akamshika mkono. "Dakika kidogo tu, mwanangu, halafu tutakwenda sote kwa gari, timu nzima, tutamsomea." Ndugu yangu alimtoa mkono ule kidole kimoja kimoja, akapita. Kikwajuni walidhani kaumia. Mlandege walishangilia.

Njiani tulikuwa wawili tu. Aliniuliza jambo moja: "Nani aliingia kaburini?" Nikamwambia mimi, na yule wa pikipiki. Akasimama katikati ya njia, akafunika uso kwa mikono yake mikubwa, na gari la ng'ombe likatuzunguka na mwenyewe akatutukana kwa kuziba njia.

Mlandege tulishinda fainali ile. Hitma ya siku ya tatu ilipomalizika ndugu yangu alifunga zana zake za useremala akavuka bara, na hakushika tena mpira. Mimi sikukaa muda mrefu baada yake. Nimehama miji mingi, na kila nilipoona watu wamekusanyika wanabishana habari za mpira, nilivuka upande wa pili wa njia.

Mwaka jana nilikuja Unguja kuzuru makaburi. Jioni nilikaa barzani, si kwetu, Kikwajuni, kwa sababu mwenyeji wangu alikuwa na mazungumzo hapo. Watu wazima wenye mvi walikuwa wanabishana kama hapa kisiwani amewahi kutokea mchezaji mfano wa yule mrefu. Mmoja akasema hajatokea na hatotokea. Mwengine akasema, "Mchezaji gani anayekimbia fainali?"

Nikawaeleza yote, tangu alfajiri mpaka njia ya makaburini. Nilieleza bila ya kupaza sauti, na hakuna aliyenikatiza. Wengine walikuwa hawakuwahi kuisikia. Mmoja akasema astaghfirullah.

Kisha mzee mmoja, aliyekuwa miongoni mwa waliobeba jeneza siku ile, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli.

"Si haki walivyomfanyia," akasema. "Lakini tuseme ukweli, yakhe. Mamake alikuwa keshazikwa. Sasa kile kipindi cha pili kingemdhuru nini?"

Nikamuuliza mamake yeye mwenyewe kazikwa na nani. Akafungua mdomo kunijibu, lakini wenzake walikuwa wameshaanza tena kubishana, kwamba angerudi kiwanjani Kikwajuni wangeshinda kwa ngapi.