Galoni ya Mbege Nyumbani kwa Mjane

Jamani, aibu hii niliapa nitazikwa nayo, lakini kwa kuwa Machame nzima wanaijua, na shemeji zangu wa Himo wameshaanza kuniita bwana harusi, bora niisimulie mwenyewe kabla hawajaitia chumvi zaidi.

Mnajua binti yangu Haika aliugua sonona, akatibiwa, sasa yuko vizuri, na kila Jumamosi hukaa na vijana wenzake pale mjini Moshi wakapeana moyo. Sisi wazazi nasi tukaanzisha kundi letu: aliyepitia anamtembelea anayepitia, anamsikiliza, basi. Sharti kubwa ni moja, siri ya mzazi haitoki mdomoni mwako hata wakukabe.

Mzazi wa kwanza niliyepangiwa kumtembelea alikuwa Mama Elia, mjane wa Machame. Mwanawe alijifungia chumbani tangu amalize kidato cha nne, hataki kuona mtu, na mama, kwa kuogopa maneno, akauambia ukoo mzima kwamba Elia yuko Dar. Alinisihi kwenye simu, "Baba Haika, uje kama mgeni wa kawaida tu. Wakijua watasema nimezaa kichaa."

Sasa mgeni wa kawaida mlimani anaendaje? Mikono mitupu haifai, mkungu wa ndizi ni mzito na ule mlima si wa mgongo wangu, basi nikanunua galoni ya mbege, pombe yetu ya ndizi, nikavaa na koti langu la ibada (eti nionekane mtu wa heshima!), nikapanda. Mimi, Mchaga wa kuzaliwa! Miaka ya kuishi Mabogini, huko chini kwenye mpunga, imenilainisha akili, sikukumbuka kabisa kwamba mgane akiingia kwa mjane na mbege, hakuna anayeamini amekuja kusalimia.

Hata sijakaa vizuri, shemeji yake Mama Elia, Mzee Ndesario, huyo mlangoni na wazee wawili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ni wa ukoo gani?"

Nikamtajia.

"Mke unaye?"

"Alifariki, mzee."

"Ahaa."

Ile ahaa ndiyo iliyonizindua. Lakini wapi, kata ya kunywea ilishaletwa, na mila ni mwenye pombe aonje kwanza, nikaonja, wazee wakapokea, wakanywa, wakatazamana. Mzee Ndesario akasema taratibu kabisa, "Kwa kawaida mtu hutuma mshenga. Ila umri wako tunauona, huna muda wa kupoteza. Sema mwenyewe kilichokuleta."

Nikamtazama Mama Elia. Alinitikisia kichwa kidogo, macho yamemjaa woga, na roho iliniuma, maana hofu ile naijua, nami niliwahi kumficha Haika. Nikisema ukweli namwanika yeye na mtoto wake.

"Nimekuja kusalimia."

"Na galoni?" Wazee wakacheka.

Jasho likanitiririka ndani ya koti, na ulimi wangu, sijui nani aliutuma, ukatamka, "Basi wazee, ndiyo hivyo. Nimekuja kuposa."

Loo! Kumbe jirani alikuwa kwenye migomba anasikiliza. Akapiga kigelegele, na wanawake wengine wakamwitikia kutoka huko juu, nikatamani ardhi ipasuke inimeze na koti langu.

Ndipo mlango wa chumbani ukafunguka. Akatoka kijana, amekonda, nywele ndefu, anapepesa macho kwa mwanga.

"Mama," akasema, "unaolewa, na mimi hujaniambia?"

Mzee Ndesario akashusha kata. "Elia? Si uko Dar?"

Mama Elia akaangua kilio, akasema yote: ugonjwa wa mtoto, uongo wa Dar, na kwamba mimi si mchumba wa mtu. Nikangoja tufukuzwe wote watatu. Yule mzee akasogea kwenye benchi, akapigapiga nafasi kando yake. "Njoo, mwanangu. Baba yako mkubwa nipo hapo juu tu, mlikuwa mnanificha kwa nini?" Elia akasimama, akasimama, kisha akaenda akakaa.

Posa yangu ilikataliwa palepale (Mama Elia alisema hata angetaka mume, si huyu anayelowa jasho hivi), nami nimeapa, kwa mjane siendi tena bila dada yangu, na mkononi ni kilo ya sukari.

Jumamosi iliyofuata Elia alishuka mjini kwenye kikao cha vijana. Mzee Ndesario alimleta mwenyewe, amemshika mkono, na aliponiona mlangoni akaniuliza mbele ya watu wote, mahari naleta lini. Elia akacheka.