Ukipata Nafasi, Shangazi

Shangazi hakuwa shangazi wa mtu yeyote katika nyumba ile. Watoto wa mwajiri wake walipokuwa wadogo walianza kumwita hivyo, wazazi wakafuata, na sasa watoto wako vyuoni mbali huko, jina limebaki jikoni na mwenyewe. Alikuwa mpishi, mfuaji, mpiga pasi, na mtu pekee aliyejua kwamba bomba la sinki halifungi mpaka ulivute kidogo juu. Lakini ukiwauliza mabosi wake, hakuwa hata kimoja kati ya hivyo. Wageni wakija, madam alimshika bega akawaambia kwa Kiingereza, "Huyu ndiye Shangazi wetu. Anatusaidia hapa nyumbani. Bila yeye tungekwisha."

Anatusaidia! Neno hilo lilimkwama Shangazi kooni. Jirani akikupa chumvi amekusaidia. Mpita njia akikusukumia gari lililozimika amekusaidia. Yeye aliyeamka kabla watu hawajajigeuza upande wa pili, akawasha jiko, akapiga pasi mashati ya bwana mpaka kola zikasimama, huyo alikuwa akifanya kazi. Mfanyakazi ana haki zake na ana maneno yake ya kudai. Msaidizi huambiwa asante sana, akasindikizwa mpaka getini. Ndivyo alivyoona yeye, na hukuweza kumtoa hapo.

Bosi wake wa kwanza alikuwa mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu wa makelele kuanzia asubuhi. "Wewe! Chai iko wapi? Nimekuajiri uje ulale?" Shangazi hakumpenda hata kidogo, ila usiku alilala bila wasiwasi. Kwa mzee ulijua umekosea saa ile ile uliyokosea, na akishafoka, yamekwisha. Hawa wa Kiingereza hawakuwahi kupaza sauti, na hapo ndipo palipomtisha. Ilibidi awasome taratibu. "Kama haikusumbui" maana yake ilikuwa fanya, hata ikikusumbua. "Labda siku nyingine tujaribu kupunguza chumvi" maana yake chakula hakiliki. Bwana akionja kitu akasema kina ladha ya aina yake, Shangazi aliiondoa sahani bila kuuliza. Na "ukipata nafasi" ilikuwa na maana ya sasa hivi, ila msemaji hataki kuonekana ametuma mtu.

Mdogo wake, msafishaji wa maofisi mjini, ndiye aliyezidi kumtia wasiwasi. "Dada, kule nilikokuwa zamani, siku meneja alipotuita akasema sisi hapa ni familia moja, nikajua unga umemwagika. Wiki haikuisha, nusu yetu tuko nje. Na kutufukuza hawakusema! Wamesema wanatuachia tuende. Sasa nani alikuwa amewaomba ruhusa ya kwenda? Hao watu wakianza kukusifu, dada, tafuta mlango."

Mwaka huo Shangazi alikuwa na sababu ya kuogopa kuliko miaka yote. Mama yake mzazi alikuwa akiishi kwa kaka yao, na wifi alikuwa amemchoka. Kila siku vijembe, kila siku sahani inawekwa kwa kishindo, na miguu ya mama imevimba hawezi hata kwenda kujichotea maji. Shangazi akajikaza akamwomba madam ruhusa ya kumleta mama kwenye chumba chake cha nyuma. Madam hakufikiri mara mbili. "Bila shaka! Hapa ni kwenu pia."

Mwingine angeruka kwa furaha. Shangazi alisimama pale sinki akijiuliza, kwetu? Tangu lini? Alijua kwamba chumba alichopewa kwa tabasamu, siku ya kukichukua watatabasamu vilevile. Lakini mama alikuja, akawekewa godoro karibu na mlango, akawa anaota jua asubuhi na kusema tangu afike hajasikia mtu akimfokea. Alinenepa kidogo. Kazi ikienda, chumba kinaenda, na mama anarudi kwa wifi. Hilo ndilo lililokuwa likimkosesha Shangazi raha.

Basi siku moja machale yakamcheza. Aliona maboksi matupu yamepangwa nyuma ya ngazi, na hakuna aliyemweleza ni ya nini. Halafu akamsikia madam kwenye simu, sauti ya chini, akisema, "Ni mtu wa ajabu kabisa. Kwa kweli amefanya mengi, anastahili kupumzika." Kesho yake asubuhi madam akaingia jikoni na kikombe chake mkononi.

"Shangazi, ukipata nafasi, mimi na bwana tungependa tukae na wewe tuzungumze. Hakuna haraka kabisa. Wala si jambo baya."

Si jambo baya! Nani husema hivyo kama hajabeba jambo baya? Shangazi alimpigia mdogo wake akiwa bado na povu la sabuni mikononi.

"Wanakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa hao," mdogo wake akasema. "Usikae nao. Ukikaa tu kwenye kile kiti chao, umekwisha."

Ndipo Shangazi alipojitia hamnazo. Wamesema akipata nafasi? Vizuri. Nafasi hataipata. Alishusha mapazia yote akayafua, na yalikuwa yamefuliwa majuzi. Alifungua oveni akaikwangua mpaka ndani kabisa. Madam akichungulia jikoni, yeye ameshika ndoo.

"Naona una shughuli, Shangazi."

"Nyingi, madam."

"Basi, usijali. Ukimaliza."

Bwana naye alijaribu bahati yake. Alimkuta juu ya stuli sebuleni anafuta balbu moja baada ya nyingine. "Tutazungumza ukishuka," akasema kwa upole, akasimama pale kidogo, akatazama saa. Shangazi aliendelea kufuta balbu ileile mpaka gari la bwana lilipotoka getini. Masikini watu wale, walilelewa kutomwambia mtu mzima weka hicho chini, kwa hiyo walikuwa wakimzunguka tu. Nyumba iling'aa mpaka ikawa inaudhi. Hata mama akaona.

"Mwanangu, siku hizi wanakutesa?"

"Hapana, mama. Tunaheshimiana tu."

Alicheka peke yake aliposema hivyo. Alijiona mjanja, na kila siku iliyopita bila mazungumzo aliihesabu kuwa ya mama.

Jumamosi moja madam akaja jikoni bila kikombe, macho mekundu. Shangazi alikuwa akimenya viazi, akakazana kumenya.

"Shangazi, samahani sana. Najua una kazi, lakini imenibidi nikwambie. Bwana amehamishwa. Tunaondoka mwisho wa mwezi."

Kisu kikasimama. Ndilo hilo, Shangazi akajiambia moyoni, nililijua. Lakini madam alikuwa hajamaliza.

"Anayehamia hapa ni mfanyakazi mwenzake bwana. Mama mwenye watoto wadogo. Alikutaka wewe ubaki. Kazi hii hii, chumba hicho hicho, na mama yako abaki. Nilimwambia unastahili kwanza kupumzika kidogo, akakubali hata hilo. Akatuomba tukuulize kama ungependa. Hatukutaka kukujibia, kwa hiyo tukasubiri upate nafasi."

"Naye anasubiri mpaka lini?"

Madam alitazama sakafu iliyokuwa iking'aa. "Juzi aliuliza mara ya mwisho. Tulimwambia pengine hupendi. Tuliona kila tukija una shughuli, tukadhani ndiyo namna yako ya kukataa kwa adabu. Amepata mtu mwingine."

Miaka yote Shangazi alikuwa akiwasoma wao, na haikumjia kabisa kwamba na wao walikuwa wakimsoma yeye, tena kwa kitabu chao wenyewe.

"Kwa nini hukuniita?"

"Sikutaka kukulazimisha. Ni maisha yako, Shangazi."

"Madam, mimi ni mfanyakazi wako!" Ilikuwa mara ya kwanza sauti yake kupanda katika nyumba ile. "Ungesema, wewe, weka kisu chini, kaa hapo, nisikilize! Ningekaa! Mimi si mgeni hapa unibembeleze. Umeniajiri, unanilipa, niite!"

Aliyekaa ni madam, kwenye stuli ya viazi. Shangazi alifuta mikono kwenye aproni, na hofu ya mama yake ikampa maneno ambayo hakuwahi kumwambia bosi yeyote.

"Mpigie huyo mama simu. Na si ukipata nafasi. Sasa hivi."

Madam akapiga. Shangazi alisimama mbele yake hatua moja, akasikiliza kila neno. Alimsikia akimmwagia sifa, kwamba ni mwaminifu, ni mkarimu, amekuwa kama mama kwao. Alisikia tena "anatusaidia", na safari hii akalimeza, maana hakuwa na muda wa kugombana na neno. Madam alitikisa kichwa, akasema ndiyo, akasema bila shaka, akashukuru mara nyingi. Kisha akaweka simu mezani, na uso wake ulikuwa umechangamka kidogo.

"Anasema huyo mwingine hajaanza bado. Anasema wazo ni zuri sana. Atalifikiria, yeye na mume wake, kisha watatujulisha."

"Atalifikiria," Shangazi akasema.

"Kwa dhati kabisa."

Shangazi hakuhitaji mkalimani. Alimaliza viazi, akavibandika jikoni, akapunguza moto, akaenda chumba cha nyuma. Mama alikuwa ameketi kwenye godoro, miguu ameinyoosha kufuata jua la mlangoni. Shangazi alivuta begi kutoka chini ya kitanda akaanza kukunja nguo.

"Nimesikia sauti yako mpaka huku," mama akasema. "Wamesemaje?"

"Wamesema watafikiria."

Uso wa mama ukafunguka wote. "Ah! Basi hao ni watu, mwanangu. Kwa kaka yako hakuna aliyewahi hata kufikiria." Akaomba apewe fimbo yake atoke nje, jua lisije likamwishia. Shangazi akampa fimbo, akamshika mkono mpaka akavuka kizingiti, kisha akarudi kwenye begi.