Sauti Iliyowatoa Watu Majumbani

Siku yangu ya kwanza kazini, Shefu wa Matangazo alinikabidhi baiskeli na kipaza sauti, kisha akanikataza kukigusa mwezi mzima. "Kwanza ujue kusalimia batu," alisema. "Mutu akitoka yeye mwenyewe kukusikia, bon, ile njo kazi. Kupiga makelele, hata kichaa anaweza."

Ninyi vijana habari zinawafuata kwenye simu. Sisi watangazaji wa serikali tulizipeleka ua kwa ua. Komunike, yaani tangazo rasmi, ilitoka ofisini kwa Kifaransa. Tukaisema kwa Kiswahili, kisha kwa Lingala. Nilitumwa Opala, nikarudishwa Kisangani, na popote nilipopita sikumwona fundi kama Shefu. Hakutangaza kabla ya kuwaulizia wagonjwa wa kila ua. Aliposema chanjo imefika, akina mama walitoka na watoto mgongoni bila ubishi. Nilimwonea wivu, sifichi.

Kisha vita ikaja, na serikali ikaamua kwamba kabila moja ni adui, asibaki hata mtoto. Kamanda alituambia waziwazi: watu hao waitwe Simi-Simi, kwenye uwanja wa zamani wa ndege, waambiwe watalindwa. Tulijua hawatarudi. Nilimtazama Shefu.

"Serikali imesema. Alors, na sisi tutasema," akajibu, akavaa koti lake.

Tukaenda pamoja mtaa wa Kabondo, walikoishi wengi wao. Sauti yake haikutetemeka hata kidogo. Niliustaajabia ufundi ule palepale, na hadi leo ninaustaajabia. Hilo ndilo linaloniuma. Kwa Mama Noela, muuza samaki, alimuulizia mgonjwa kama kawaida. Mama yake mzazi alikuwa amepooza, na kwa ajili yake Mama Noela alikuwa amekataa kuondoka.

"Papa, wale wengine siwaamini," alisema. "Lakini ni weye njo unasema. Niende?"

"Enda, mama. Na mugonjwa umubebe."

Nilishika mkokoteni, tukamlaza bibi juu ya godoro. Mama Noela akamshika Shefu mikono yote miwili, kisha akanishika na mimi. "Aksanti, bapapa. Mungu abariki kazi yenu."

Tulipostaafu, ofisi ilitupikia kuku, na wakubwa wakatusifu kwa hotuba ndefu. Shefu alistahili, kazi ile hakuna aliyeiweza kama yeye. Lakini katika utumishi wetu wote, hakuna aliyetushukuru kwa moyo kama Mama Noela.